Mkutano Ulioshuka Ngazi

Waliokuwa katika mji wa Bunia mwaka ule wa vita kali bado wanaikumbuka harufu ya maharagi ya parokia. Asubuhi ulipanda kwanza moshi wa kuni mbichi, kisha kitunguu, kisha maharagi yenyewe, na upepo ukaishusha harufu hiyo mpaka kwenye nyumba za mtaa wa Bigo, ikaingia madirishani kwa wenye njaa na kwa wale wachache walioshiba. Siku hizi kuna wanaopika maharagi hayohayo kwa mafuta mengi zaidi, na wenyewe wanakiri hayanukii vile.

Nyumba ya Micheline ilikuwa karibu na barabara. Watu waliokimbia vijiji vya Djugu, ambao mji mzima uliwaita badeplase, walipita mbele yake tangu alfajiri: magodoro kichwani, kuku kwapani, watoto wakitembea huku wamesinzia. Micheline alikuwa mjane mwenye meza ya mandazi mlangoni. Aliishi na binti yake mmoja, Faida, mwanamke mzima sasa, msusi ambaye maharusi wa Bigo walikuwa wakimgombania kabla vita haijamaliza harusi. Polio ilikuwa imempooza miguu yote miwili angali mdogo. Barabarani aliendesha kinga yake, baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayozungushwa kwa mikono; ndani ya nyumba alitambaa, sapatu, yaani kandambili, akizivaa mikononi.

“Mama,” alisema siku hiyo, akiangalia watu wakipita, “jana Direkteri alisema nini kanisani?”

“Ulikuwa kule. Ulisikia.”

“Alisema kila mwenye mikono akuye kusaidia badeplase. Miye iko na mikono.”

Micheline aligeuza mandazi ndani ya mafuta. “Faida, hapana nianzie asubuhi.”

“Nimesema nini mbaya?”

“Batu batasema nimekutuma kuomba. Mutu akiona kinga yako pale kwenye chakula ya bure, atawaza nini? Atawaza Micheline ameshindwa kulisha mutoto yake.” Akaiondoa sufuria motoni ingawa mandazi yalikuwa hayajaiva sawasawa. “Kaa. Kichwa ya kusuka itakuya.”

Hakuna kichwa kilichokuja. Hakikuwa kimekuja kwa wiki kadhaa.

Faida alikwenda bila ruhusa, mama yake alipotoka kutafuta unga. Mbele ya lango la parokia palikuwa na mtaro wa maji ya mvua, na juu yake ubao mwembamba wa kupitia miguu ya watu. Kinga haikuweza kupita. Aliiacha nje, akavaa sapatu mikononi, akavuka ubao akitambaa, na hivyo ndivyo alivyoingia: chini, kati ya magoti ya watu na sahani zao, akiomba njia.

Kabla hajafika jikoni, msichana mmoja aliyekuwa akigawa chakula alimwona, akainama haraka, akamwekea sahani mbele.

“Hapana, siyo hivi,” Faida alisema. “Natafuta mukubwa wa kazi.”

Mkubwa alikuwa Alphonse, mtu mrefu, mkuu wa shule ya msingi iliyofungwa kwa ajili ya vita. Mji mzima ulimwita Direkteri, na yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa komite ya wajitoleaji, bolontere kama walivyoitwa. Alikuja akipangusa jasho, akamwangalia Faida, kisha akaiangalia sahani.

“Dada yetu, karibu sana,” alisema kwa kile Kiswahili chake safi cha darasani. Akamgeukia msichana. “Umefanya vizuri. Yeye apewe wa kwanza, asingoje kwenye mstari.”

“Direkteri, sikukuya kukula. Nimekuya kutumika.”

“Kutumika?” Alphonse alitabasamu kama mtu anayesikiliza mtoto akisoma shairi. Akapaza sauti. “Bon, wapendwa, mmesikia? Hata dada yetu huyu anataka kusaidia!”

Watu wa mstari walipiga makofi. Hawakuwa na nia mbaya. Wengine walikuwa wamezika watu wao njiani, na bado walitafuta nguvu ya kupiga makofi.

“Lakini unaona mwenyewe,” Alphonse aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. “Kazi ya hapa ni ya miguu. Kuchota maji, kukata kuni, kuzunguka kwenye mahema. Wewe kaa, upumzike. Sisi tuko hapa kwa ajili yako.”

Faida alitaka kuirudisha sahani. Lakini nyuma yake alisimama mwanamke mwenye mtoto mchanga mgongoni, macho yake hayatoki kwenye yale maharagi, na Faida akaona kwamba kuyakataa mbele yake kungeonekana dharau. Alimwomba msichana amfunikie kwa jani la mgomba na kumvushia mpaka kwenye kinga, akaipeleka nyumbani mapajani, akizungusha kinga polepole yasimwagike.

Micheline aliikuta sahani mezani.

“Njo vile nilisema,” alisema.

“Sikuomba, Mama.”

“Najua hukuomba.”

Tangu asubuhi walikuwa wamekunywa chai tupu. Walikaa, wakala. Maharagi yalikuwa matamu, na utamu ule uliwanyamazisha wote wawili mpaka sahani ikaisha.

Kesho yake Faida alirudi. Safari hii hakumtafuta Alphonse. Alitambaa moja kwa moja hadi kwenye banda la jiko, akakaa ukutani karibu na magunia, akangoja.

Jiko lilikuwa la Adèle, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng’ombe kutoka kilima cha pili. Asubuhi ile wasaidizi wake wawili walikuwa wameshikwa na malaria, na moto ulikuwa unataka kuzima.

“Weye wa kinga!” alipiga kelele. “Unaangalia nini? Unajua kuchagua maharagi?”

“Nani hajue?”

“Basi shika ungo.”

Huo ndio ulikuwa mwanzo. Adèle hakuwa mtu wa huruma, na Faida alimpenda kwa hilo. Alipoona nguo ya Faida imelowa kwa kukaa chini alimwambia anakaa matopeni kama bata, akatuma mkeka. Aliona watu wanamkanyaga vidole wakipita na bidoni, yale madumu ya maji, akahamisha njia ya maji kwa matusi. Chungu kimoja kilikuwa juu ya meko marefu ya matofali. Akabomoa matofali ya juu ili Faida akifikie na mwiko akiwa amekaa. Na siku moja alikwenda mwenyewe kwenye chumba cha takataka nyuma ya kanisa, akarudi amebeba mlango wa zamani mgongoni, akaulaza juu ya mtaro wa langoni.

“Nimechoka kukungojea ukitambaa,” alisema. “Maharagi haingojake mutu.”

Tangu siku ile kinga ya Faida iliingia mpaka jikoni. Vikongwe nao walipita juu ya ule mlango, na wasukuma mikokoteni ya maji, na baada ya muda hakuna aliyekumbuka uliwekwa kwa ajili ya nani.

Yule mwanamke mwenye mtoto mchanga aliitwa Kanyere. Alikuwa amekimbia kutoka upande wa Boga. Siku moja, baada ya kula, hakurudi kwenye hema. Alikaa kando ya Faida, akavuta ungo wa pili bila kuulizwa.

“Nilikuwaka na shamba yangu ya maharagi,” alisema, vidole vyake vikikimbia. “Leo nachagua ya batu.”

“Unachagua mbio kunipita.”

“Hapana, nakosa tu mutu ya kuongea naye. Mutoto huyu hajibuke.”

Wakacheka. Ni hapo, kwenye ule mkeka, ndipo yalipozaliwa mambo ambayo wanawake wa jiko lile wanasimuliana mpaka leo: jogoo wa padri aliyerukia chungu na kutoka akipiga kelele, wimbo wa Jumapili walioubadilisha maneno ukawa wa kumsema Adèle, na Adèle mwenyewe akauimba bila kugundua, bibi mmoja wa Djugu aliyewasimulia hadithi za fisi kwa lugha ambayo nusu yao hawakuielewa, wakacheka pale alipocheka yeye. Nje ya ukuta watu waliuana kwa sababu ya lugha. Ndani, mtu akikosa neno aliazima la jirani yake.

Tatizo lilikuwa mikutano. Komite ilikutania barzani kwa padri, ule ukumbi wa mbele ya nyumba uliopandiwa kwa ngazi. Wajitoleaji wote walipanda. Faida alibaki chini, akisikia sauti bila maneno.

“Tutakueleza baadaye,” Alphonse alimwambia kila mara. Baadaye alikuwa na mambo mengi.

Siku moja alitaka kumtendea wema. Aliwaita vijana wawili, wakamnyanyua Faida, mmoja kwapani, mwingine miguuni, wakampandisha. Sketi ilipanda. Faida hakuwa na mkono wa kuivuta, maana mikono yote ilikuwa imeshikwa. Alifika juu mapaja yake membamba yakiwa wazi mbele ya padri na wanaume wa komite, na walipomweka kitini, mtu mmoja akaanza makofi na wengine wakafuata. Katika mkutano wote alikuwa akiivuta sketi ifike magotini. Kushuka ilikuwa vilevile.

“Direkteri,” alimwambia kesho yake, “vile ya jana sitaki tena. Nyiye mushuke. Hapa jikoni iko nafasi.”

“Faida, komite haiwezi kukutania jikoni kati ya vyungu. Barza ndiyo mahali pa mkutano tangu zamani za wazungu.”

“Miye natumika hapa kama bengine.”

“Nani amekataa? Tutakueleza baadaye.”

Mwezi wa tano askari wa nchi jirani waliokuwa wameushika mji walianza kuondoka, na makundi yenye silaha yakawa yanangoja kuona nani atauchukua. Komite ilikutana barzani. Ilikubaliana kwamba risasi zikianza, wajitoleaji wakusanyike nyuma ya kanisa, kila mmoja achukue familia kadhaa za badeplase, waende pamoja kwa njia ya nyuma hadi uwanja wa ndege, kwa askari wa Umoja wa Mataifa. Ulikuwa mpango mzuri. Kila aliyekuwa juu aliuelewa.

Risasi zilianza asubuhi, maharagi yakiwa yamechemka nusu. Mwanzo zilikuwa mbali, watu wakatazamana. Kisha kitu kizito kilipasuka upande wa soko, na ua mzima ukasimama. Faida aliona wenzake wakikimbia wote upande mmoja, nyuma ya kanisa, bila kuulizana, kama watu waliokwisha kuambiwa. Alifikiri wanaenda kuchungulia na watarudi. Akaendelea kushika mwiko.

Vumbi lilipotulia, jiko lilikuwa tupu. Aligeuka kutafuta kinga yake. Mahali pake ukutani palikuwa na alama za magurudumu tu.

“Faida?”

Alikuwa Kanyere, ametokea nyuma ya banda alikokuwa akimwogesha mtoto, mtoto bado ana povu kichwani.

“Weye bado iko hapa? Kimbia!” Faida alisema.

“Nikimbie wapi?” Kanyere alisema. “Batu beko wapi?”

“Sijue. Bameenda nyuma ya kanisa.”

“Hawakukuambia?”

“Mukutano ilikuwa juu. Na nyiye, hawakuwaambia?”

“Siye batu ya mustari hatuambiwake kitu.”

Waliingia katika stoo ya magunia. Kanyere angeweza kwenda. Faida alimwambia aende, akamfokea aende, lakini Kanyere hakuijua njia ya mji huu, na kila upande ulikuwa na mlio wake. Walilala kati ya magunia, mtoto katikati yao. Faida alihesabu watu wote waliompita mbele, mmoja mmoja kwa jina, wote waliokula alichopika. Hakulia. Alikuwa na hasira iliyozidi woga, na baadaye alisema hasira ile ndiyo iliyomzuia kupiga kelele.

Micheline alikuwa mezani kwake risasi zilipoanza. Jirani zake wa Bigo walikimbilia upande mmoja. Yeye alikimbilia upande wa pili, akipishana na watu wote, kitenge mkononi, akigongwa mabega na mizigo. Njiani aliwaona wajitoleaji wa parokia wakipita mbio. Aliangalia kila uso. Hakuuona wa Faida, wala hakuuliza, maana alikwisha kuelewa.

Aliingia parokiani akiita. Walipomjibu kutoka stoo aliingia humo. Alipiga goti mbele ya binti yake, akamgeuzia mgongo.

“Panda.”

“Mama, utaweza?”

“Nani alikuwa anakupeleka shuleni mvua na jua? Panda.”

Alimfunga kwa kitenge, mwanamke mzima mgongoni kwa mwanamke anayekaribia uzee, akasimama kwa kushika ukuta. Kanyere akafuata na mtoto wake. Walipita vichochoro ambavyo Micheline alivijua kwa miaka ya kuuza mandazi nyumba kwa nyumba. Mara mbili walilala chini, wote wanne rundo moja. Faida alisikia moyo wa mama yake ukigonga kifuani kwake mwenyewe.

“Umekuwa muzito,” Micheline alisema, pumzi imekatika.

“Ni maharagi ya parokia.”

“Nitaongea na beye juu ya maharagi yao.”

Na katikati ya mji unaowaka, wanawake wale watatu walicheka, kicheko kifupi cha kukohoa, kisha wakaendelea.

Uwanja wa ndege ulikuwa umejaa watu mpaka kwenye uzio. Walipata kipande cha bashi, turubai la plastiki, wakajifunika. Alphonse aliwakuta hapo kesho yake. Shati lake lilikuwa limechanika, na alionekana hakulala.

“Mungu asifiwe! Faida, tulikutafuta sana.”

“Hamukunitafuta,” Faida alisema.

Micheline alikuwa amenyanyuka.

“Direkteri, weye njo ulisema mwenye mikono akuye. Miye nilikataa. Nilikuwa naogopa batu watasema mutoto yangu anaomba. Kumbe nilikuwa naogopa kitu kidogo. Mulikuwa na njia ya kukimbilia. Mulijua tangu siku gani?”

“Tulikubaliana kwenye mkutano, Mama.”

“Ile ya juu.”

“Ile ya barzani. Ndiyo.”

“Hata Kanyere hakujua,” Faida alisema. “Hata batu ya mahema, wale bolontere hawakubafikia, beko wapi sasa? Direkteri, sikuomba munibebe. Mama yangu amenibeba, inatosha. Nilisema mushuke. Ile neno moja tu.”

Alphonse alikaa chini, pale pale kwenye nyasi. Huenda ilikuwa mara ya kwanza kuongea na Faida macho yao yakiwa sawa. “Sikuwaza,” alisema. “Nilikuona kila siku, na sikuwaza.”

“Njo mubaya yenyewe,” Faida alisema.

Kinga ilirudi jioni. Adèle mwenyewe aliisukuma kati ya mahema, gurudumu moja limepinda na kulia kila linapozunguka. Aliisimamisha mbele ya bashi yao. Sauti yake kubwa ilikuwa imepotea.

“Ni miye niliichukua,” alisema. “Kulikuwa muzee mumoja anaanguka-anguka. Nikaona kinga, nikamutia. Nilikuwa nasukuma tu. Sikuwaza mwenyewe ya kinga. Nilifika hapa, nikaiangalia, njo nikakuwaza.”

Faida aliligusa gurudumu lililopinda. Watu wote wa komite wangeweza kumsahau, aliwahi kujiambia mle stooni, ila si Adèle.

“Muzee alifika?”

“Alifika. Iko pale, anakunywa uji.”

“Basi.”

“Faida...”

“Nimesema basi. Gurudumu hii utatengeneza weye.”

Adèle alikaa chini, akaanza kulinyosha gurudumu kwa jiwe, akilia bila kujificha. Faida alimwacha alie. Hakuwa tayari kumfariji mtu siku hiyo.

Askari wa kigeni walipofika na mji ukatulia kidogo, parokia ilifungua tena jiko. Vyungu viwili vilikuwa vimeibwa, mlango wa mtaroni ulikuwa umegeuzwa kuni. Micheline alimwambia Faida ataamua mwenyewe. Faida alikaa nyumbani siku chache, akisuka nywele za mama yake na kuzifumua. Kisha akaenda.

Alimkuta Alphonse anashuka ngazi za barza akiwa amebeba kiti, kisha akarudi kuchukua kingine. Walikutania bandani, kati ya vyungu, moshi machoni. Kanyere alikuwapo, na yule bibi wa Djugu wa hadithi za fisi, wawili kati ya badeplase walioitwa mkutanoni kwa mara ya kwanza. Neno la kwanza lilikuwa la Faida. Alitaka kila mtu wa ua ule, wa mwiko na wa sahani, ajue pa kukimbilia, na nani atapita kwa wale wasioweza kukimbia, kabla ya siku yenyewe. Walibishana sana. Adèle alipinga karibu kila kitu. Faida alishindwa katika moja, akashinda katika mengine, akarudi nyumbani kichwa kinamuuma, akalala usingizi mzito.

Vita ilikwisha kidogokidogo, kama mvua inayokatika huku bado inanyesha. Badeplase wengine walirudi mashambani, wengine walijenga mjini; Kanyere alipata chumba cha kupanga Bigo. Siku moja jiko la parokia lilizimwa. Waligawana vyungu, wakaimba ule wimbo wao wa kumsema Adèle, na safari hii Adèle aliyasikia maneno.

Harusi zikarudi, na pamoja nazo vichwa vya kusuka. Asubuhi moja Micheline alimkuta binti yake amekaa mlangoni, kitana mkononi, machozi yanamtoka.

“Nani amekufa?”

“Hakuna mutu.”

“Sasa unalia nini? Batu banaoa, weye unalia.”

“Nakumbuka jiko.” Faida alijifuta kwa kiganja. “Mama, ile mwaka batu balikufa. Miye naikumbuka kama Noeli. Asubuhi naamuka, mikono inatafuta ungo. Iko mubaya, hapana?”

Micheline alivuta kigoda, akakaa.

“Pale uwanja wa ndege,” alisema, “nililala na batu sikujue hata jina. Yule bibi wa blangeti ya kijani alikuwa anakoroma kama lori. Tulikuwa tunacheka, unakumbuka? Nyumba yangu niliwaza itakuwa imechomwa, na nilikuwa nacheka. Hata miye natamani ile sauti.” Akampangusa shavu. “Hapana ona haya.”

Jumapili iliyopita Alphonse alikuwa ametangaza kwamba komite itaanza kuwatembelea wagonjwa majumbani. Faida alisikia, hakutoa jina lake. Nyumba kwa nyumba. Alijua maana yake: ngazi na mitaro. Hakuwa na nguvu ya kuanza tena kuomba njia.

“Weye wa kinga!”

Sauti ile ilifika kabla ya mwenyewe. Adèle alisimama barabarani, Kanyere kando yake, na Alphonse nyuma, suruali yake imejaa vumbi mpaka magotini.

“Bado umekaa?” Adèle alisema. “Tunaanza leo.”

“Adèle, ile njia ya kule juu iko mawe tupu.”

“Tunajua. Direkteri alizunguka jana siku muzima anaangalia kwenye kinga inapita na kwenye haipite. Zile nyumba za mutaa wa Lumumba bengine bameshika. Siye tumeshika huku. Kwenye njia mubaya, mugonjwa atashushwa kwa jirani wa chini, ao tutaona.”

“Nyumba tatu tu ndizo ngumu,” Alphonse alisema. “Nimeongea na wenyewe.”

“Na miye nitafanya nini mule?”

“Utaongea,” Kanyere alisema. “Adèle akiingia, bagonjwa banashituka.”

“Nani amesema banashituka?” Adèle alifoka, na mbwa wa jirani akabweka.

Faida alikuwa amekwisha kugeuka. “Mama! Kitambaa yangu ya kichwa iko wapi?”

“Toka vile vile,” Adèle alisema. “Tunachelewa.”

Micheline alimtupia kitambaa, Faida akapanda kinga, akakifunga huku Kanyere ameanza kuisukuma. Mama yake alisimama barabarani akiwasindikiza kwa macho mpaka kwenye kona. Walikuwa wanabishana waanzie nyumba ya nani, wote wanne kwa pamoja, na iliyosikika zaidi ilikuwa sauti ya Faida.